Sina kadi ya chama: kupiga kura sawa, kusimama je?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Sahare, Tanga. Mwaka wa saba huu nashika daftari la kikundi, na sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote. Majirani wameniganda wanataka nigombee uenyekiti wa mtaa uchaguzi ujao. Nikiwaambia sina chama na sitaki, wananiita popo: si ndege, si mnyama. Binamu yangu aliyepata uraia wa Marekani, anaishi Philadelphia, ananicheka kwenye simu. Yeye kajiandikisha kupiga kura bila chama, na anasema wenziwe wa namna hiyo ni wengi kuliko wa chama chochote. Nauliza: kule kwenye vyama viwili tu, asiye na chama ana nguvu gani hasa? Na mimi hapa, nikitaka kusimama bila chama, ipo njia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndilo fupi: njia haipo. Kwa sheria zilivyo leo Tanzania, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi rais, hasimami mtu ila awe mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na chama hicho kiwe kimemdhamini. Kama una haraka ya kuwahi samaki pale soko la Deep Sea, ishia hapa, umeshajibiwa.

Ila swali lako la kwanza limenikalisha barazani jana hadi kahawa ikapoa, kwa sababu wewe na binamu yako mnatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana.

Tumtazame yeye kwanza. Fomu ya kujiandikisha kupiga kura kule Pennsylvania ina sehemu inayouliza chama. Kuna kisanduku cha Democratic, kuna cha Republican, kuna vya vyama vidogo, na kuna kimoja cha kusema huna. Yeye kaweka alama hapo. Hakulipa ada wala hakula kiapo. Lakini jirani yake aliyeweka alama kwa Democratic naye hakulipa wala hakuapa. Kule, kwa mwananchi wa kawaida, kuwa wa chama ni alama kwenye fomu ya serikali. Hakuna balozi wa nyumba kumi, hakuna katibu wa tawi anayejua umekosa mikutano mingapi. Huku kwetu kadi unaichukua tawini, ina ada, ina ahadi za mwanachama, na ina watu wanaokujua kwa jina na kwa jina la baba. Binamu yako kaacha kisanduku. Wewe umekataa kundi, na kundi linakuona kila asubuhi ukipita na baiskeli.

Halafu hiyo hesabu yake ya wengi. Hapo kasema kweli nusu. Kampuni ya Gallup, ambayo inapima maoni ya Wamarekani tangu miaka ya 1930, katika miaka ya karibuni hupata watu kama 40 au zaidi katika kila 100 wakijiita huru, na hakuna chama kinachofikia idadi hiyo. Lakini wapimaji huwa wana swali la pili: sawa, huna chama, unaegemea wapi? Hapo wengi hutaja. Wanaobaki hawaegemei popote ni kama mmoja katika kila kumi, na hao waegemeaji siku ya kura hupiga karibu sawasawa na wenye chama. Tena Pennsylvania kwenyewe, kwenye daftari, waliojiandikisha chini ya kila kimoja cha vile vyama viwili vikubwa ni wengi mno kuliko wasio na chama. Mwambie hivyo akikucheka tena.

Sasa nguvu. Watu wengi wakisikia uchaguzi wanafikiria siku ya kupiga kura, foleni, wino kidoleni. Mimi baada ya kufundisha mambo haya miaka mingi nimezoea kuuliza: nani aliyapanga majina kwenye karatasi? Maana ukikuta karatasi ina majina mawili, mtu mwingine keshakuchagulia nusu ya kazi. Wamarekani kazi hiyo huifanya kwenye uchaguzi wa mchujo, miezi kadhaa kabla. Sisi tunaziita kura za maoni. Neno letu hili lina ubaya wake, kwa sababu kura ya maoni ni pia ile ya taifa zima kukubali au kukataa jambo, na nimeshawahi kukuta wanafunzi wa kidato cha nne wamechanganya yote mawili kwenye karatasi ya mtihani. Siwalaumu, lugha ndiyo iliyowatega.

Pennsylvania mchujo wake umefungwa. Wa Democratic wanachagua wa kwao, wa Republican wa kwao. Binamu yako akienda kituoni siku hiyo atapewa karatasi ya maswali ya kura ya wananchi wote kama yapo, na kama hayapo atarudi nyumbani. Na hapo Philadelphia alipo, meya wa jiji amekuwa wa Democratic mfululizo tangu mwaka 1952. Hesabu mwenyewe. Meya hapatikani kwenye uchaguzi wenyewe wa Novemba, anapatikana kwenye mchujo wa Mei, ndani ya chama kimoja, na binamu yako mwenye uhuru wake yuko nje anapiga miayo. Novemba anapewa karatasi kwa heshima zote achague jambo lililokwisha kuchaguliwa.

Unaona linafanana na wapi? Ziko kata katika mkoa wetu ambazo ukitaka kumjua diwani usisubiri Oktoba. Nenda siku ya kura za maoni ya chama kikubwa, uone pikipiki zinavyopishana na nani anamnunulia nani soda. Asiye na kadi siku hiyo haingii ukumbini. Kwa hilo wewe na binamu yako ni ndugu kweli kweli: wote mna kura kamili siku ya mwisho, wote hamna kura siku ile inayoamua.

Si majimbo yote ya Marekani yamefunga hivyo. Michigan na Wisconsin hawaulizi chama wakati wa kujiandikisha, unaingia mchujo unaoutaka. California tangu 2012 wagombea wa vyama vyote, kwa nafasi nyingi, huwekwa kwenye karatasi moja ya mchujo, wawili wa juu wanakwenda mbele hata wakiwa wa chama kimoja. Kwa hiyo uhuru wa mtu kule unategemea anaishi upande gani wa mpaka wa jimbo.

Umeuliza pia, bila kusema, kwa nini vyama ni viwili tu. Marekani hakuna sheria inayosema viwili. Vyama vingine vipo, na havikatazwi. Kinachovibana ni hesabu ya kura. Chukua mtaa wako. Tuseme wapiga kura 400. Watu 240 wanataka mwalo utengenezwe kwanza, na 160 wanataka barabara kwanza. Watu wa mwalo wametoa wagombea wawili, kila mmoja ana ukoo wake na hakubali kumpisha mwenzie. Kura zinahesabiwa: wa barabara 160, wa mwalo mmoja 130, mwingine 110. Mwenyekiti ni wa barabara, ingawa wengi walitaka mwalo. Uchaguzi unaofuata wazee wa mwalo watafanya nini? Watamwita mmoja pembeni baada ya swala ya isha wamwambie, mwanetu, safari hii kaa. Fanya hivyo mara kumi, nchi nzima, utabakiwa na makundi mawili makubwa. Msomi wa Ufaransa, Maurice Duverger, aliliandika jambo hili mwaka 1951, na tangu hapo wasomi wa siasa vyuoni wanabishana nalo bila kuliua.

Anayesimama katikati ya makundi hayo mawili anavuna nini? Mwaka 1992 tajiri wa Texas, Ross Perot, aligombea urais wa Marekani bila chama. Alipata karibu kura milioni 20, yaani kama watu 19 katika kila 100 waliopiga kura. Lakini rais wa kule anapatikana kwa kura za wajumbe 538 wa majimbo, na karibu kila jimbo linampa wajumbe wake wote aliyeongoza. Perot hakuongoza jimbo hata moja. Milioni 20 zikawa sifuri. Miaka minane baadaye George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo la Florida, na kwa hiyo urais mzima, kwa kura 537, wakati Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alikuwa na zaidi ya 97,000 katika jimbo hilo hilo. Hadi leo wako Wamarekani wanaomnunia Nader. Mimi naona wanamwonea, kura ni ya mwenye nayo, haikuwa ya Gore akaporwa. Ila naelewa hasira yao, ni hasira ya wale 240 wa mwalo.

Maine wao waliamua kutengeneza. Mwaka 2010 gavana wao alishinda kwa asilimia kama 38, na aliyemfuata kwa karibu sana, asilimia kama 36, alikuwa mgombea asiye na chama. Mwaka 2016 wananchi wakapitisha utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza wako, wa pili wako, wa tatu. Wa kwanza wako akitoka mkiani, kura yako inahamia kwa wa pili wako. Umeanza kutumika 2018, kwa baadhi ya nafasi. Alaska nao wakaingia mkondo huo 2022. Kwa utaratibu huo, katika mfano wangu mtu wa mwalo angempigia mgombea wake kwa raha zake bila kuogopa kwamba anampa ushindi wa barabara.

Kwa hiyo kule asiye na chama hana nguvu? Anayo, lakini inatokea mahali ambapo mtu hakutegemea. Mwaka 2001 Seneti ya Marekani ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50, na kura ya makamu wa rais ndiyo iliyowapa Republican uongozi. Seneta mmoja wa Vermont, Jim Jeffords, akatoka Republican, akasema sasa sina chama, na akaamua kukaa na upande wa Democratic. Uongozi wa Seneti nzima ukahama, wenyeviti wa kamati wakakusanya karatasi zao. Mtu mmoja! Mwenzake wa jimbo hilo hilo, Bernie Sanders, alianza kwa kushinda umeya wa mji wa Burlington mwaka 1981 kwa tofauti ya kura 10, akaingia bungeni kwa uchaguzi wa 1990, akaingia Seneti kwa uchaguzi wa 2006, mara zote bila chama. Lakini naye ndani anakaa na Democratic, kwa sababu nafasi za kamati hugawanywa kupitia vyama, na asiye na upande wa kukaa anabaki kwenye korido. Alipoutaka urais, 2016 na 2020, alipita mlango wa mchujo wa Democratic. Alikuwa ameshaona yaliyomkuta Perot.

Sasa kumbuka Jeffords, umlete Dodoma. Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha. Diwani hali kadhalika. Zitto Kabwe alipovuliwa uanachama wa Chadema mwaka 2015, aliaga Bunge na kuondoka. David Kafulila alipofukuzwa na NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, alibaki na kiti kwa kukimbilia mahakamani. Hapa kwetu kiti ni cha chama, mbunge amekalishwa tu. Ndiyo maana wale waliohama kuanzia 2017 wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli ilibidi uchaguzi wa marudio uitishwe, na wengi wao wakarudi kwenye viti vile vile wamevaa shati la rangi nyingine. Tanga, waja leo waondoka leo, ila wale waliondoka leo wakaja kesho.

Niseme kidogo kuhusu kuishi kwenye vyama viwili, maana huhitaji kwenda Marekani. Vuka mkondo hapo mbele yako. Januari 1961 Zanzibar walipiga kura za viti 22: chama cha ASP wakapata 10, cha ZNP 9, cha ZPPP 3. Kiti kimoja, cha Chake Chake, ASP walikipata kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na safari hiyo watu zaidi ya 60 walikufa katika ghasia.

Mwaka 1996 nilivuka kwenda Pemba kuhani msiba wa jamaa ya mke wangu. Nilitaka kununua sukari ya kupeleka msibani. Duka lilikuwa hapo hapo, wazi, mwenyewe kakaa kwenye kigoda anachambua karafuu. Mwenyeji wangu akanishika mkono: hilo si letu. Tukatembea kwenye jua la saa saba, tukapita duka la pili, nalo si letu, hadi la tatu. Sukari ile ile, bei ile ile, na mfuko wa gazeti ule ule. Njiani kurudi yule wa duka la kwanza alituangalia mikononi, akainamisha kichwa akaendelea na karafuu zake. Nilitaka kumsalimia, nikakuta simsalimii. Mimi mtu wa Tanga nisiyehusika, ndani ya saa moja nilikwisha kuwa na chama. Mwaka 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na maduka yakaanza kuuziana. Hata hivyo mgawanyo ule wa madaraka ni wa chama na chama, na yule asiye na chama hakutajwa.

Nirudi bara. Kuna jambo vijana wengi hawalijui: mgombea asiyepewa baraka za chama aliwahi kusimama Tanganyika na kushinda. Uchaguzi wa 1960, TANU walichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, mwana-TANU mwenyewe, alimpinga mgombea rasmi wa chama chake akamwangusha. Baadaye ukaja mfumo wa chama kimoja, na mwaka 1965 karibu kila jimbo likawa na wagombea wawili wa TANU hao hao, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mama yangu hakujua kusoma lakini jembe alilijua. Waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa mwaka huo. Nakwambia haya si kwa kutamani chama kimoja kirudi, hapana. Nakwambia ili uone kichekesho chake: kwenye chama kimoja mpiga kura aliweza kumtoa waziri kwa sababu majina mawili yalimfikia hadi mkononi.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na sharti la udhamini wa chama likabaki. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu, Dodoma. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka hata kijiweni: Katiba, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, na ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kuongoza nchi yake. Sasa ukimwambia hawezi kushiriki kwa kugombea mpaka ajiunge, umemlazimisha au hukumlazimisha? Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akamkubalia. Serikali ikajibu kwa kubadili Katiba yenyewe, Sheria Namba 34 ya 1994, mlango ukafungwa kwa komeo la pili. Mtikila akarudi tena, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakamkubalia tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, jopo la majaji saba, ikasema jambo hili si la mahakama, ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapo, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki ya wananchi kushiriki katika uongozi na haki ya kutolazimishwa kujiunga.

Akashinda, na hakikubadilika kitu. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilimruhusu mgombea binafsi, lakini kura ya maoni (ile ya taifa, siyo ile ya soda) iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na haijapigwa hadi ninapokuandikia. Mtikila mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015 eneo la Chalinze, pale mabasi ya Tanga yanapokutana na ya Morogoro, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Kila nikipita pale na basi likasimama watu wachimbe dawa, namkumbuka. Sikukubaliana naye mambo mengi. Kwa hili alikuwa sahihi.

Wanaopinga nao wana hoja, nisiwafiche. Wanasema mgombea asiye na chama hana wa kumkemea, atasimama kwa kabila lake, kwa dini yake, au kwa fedha zake. Hofu hiyo si ya bure. Lakini ukitaka kuipima usiende mbali, panda daladala hadi Horohoro, vuka mpaka uingie Lungalunga. Wenzetu wa Kenya waliliandika kwenye ibara ya 85 ya Katiba yao ya 2010: asiye na chama anaruhusiwa kugombea, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na akitaka ubunge awe na uungwaji mkono wa wapiga kura 1,000 wa jimbo lake. Wanashinda wachache kila uchaguzi. Wengi wao si malaika waliojitenga na siasa chafu, ni watu waliokatwa kwenye mchujo wa chama wakaona watoke mlango wa nyuma. Ukabila Kenya upo, lakini umekuja ukipanda migongo ya vyama, haukumsubiri mgombea binafsi. Ndiyo maana mimi nataka mlango ufunguliwe, na wala sitegemei utapitisha mitume.

Basi turudi Sahare. Hilo la popo lisikuumize. Katiba hiyo hiyo inawakataza majaji kujiunga na vyama, inawakataza wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Nchi hii ina popo wa joho na popo wa bunduki, na ndio walinzi wake. Kadi yako ya mpiga kura haina rangi ya chama, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuuliza uliitumiaje.

Kugombea ni jambo lingine. Watakuja watu, labda wameshakuja, wakwambie chukua kadi ya chama chochote kidogo, ni ya kupandia tu, ukifika unaitupa. Ni halali na wanafanya. Mimi sikushauri, kwa sababu mbili zenye uzito usiolingana. Ndogo: hicho chama kidogo kina wenyewe Dar es Salaam wasiokujua, na wakigombana wao kwa wao wewe ndiwe wa kwanza kusahauliwa barua yako ya udhamini. Kubwa: umejulikana miaka saba kwa jambo moja, kwamba daftari lako halina upande. Siku utakayochukua kadi, iwe kubwa au ndogo, nusu ya wavuvi watalisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama uko tayari kwa hilo, basi chukua kadi ya chama unachokiamini kweli, ingia kura zao za maoni, ushindwe au ushinde mle. Aibu hakuna. Sanders kafanya, na Sarwatt alikuwa mwana-TANU.

Kama huko tayari, viko viti ambavyo kisheria havina chama, na kimoja kiko miguuni pako. BMU, hicho kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari mwaloni, viongozi wake wanachaguliwa na wavuvi wenyewe, na hakuna anayeulizwa kadi. Sheria ndogo za nyavu, doria ya mabomu ya kuulia samaki, ushuru wa mwaloni unavyorudi, mambo mengi ambayo majirani wanadhani ni ya mwenyekiti wa mtaa hupita hapo kwanza. Kamati ya shule ya msingi nayo inakaa wazazi. Mwenyekiti wa mtaa, awe wa chama gani, ataomba radhi kabla ya kupishana na BMU yenye hesabu safi. Hiyo nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na sijamwona mwenyekiti aliyeshinda ubishi ule.

Kwa binamu yako nina ujumbe mfupi zaidi. Kwa kuwa kule chama ni alama kwenye fomu, anaweza kuibadilisha hadi siku 15 kabla ya mchujo, akachagua meya mahali meya anapochaguliwa kweli, halafu wiki inayofuata akarudisha alama yake ya kutokuwa na chama. Hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi. Wewe huwezi kufanya hivyo Sahare, na yeye asikucheke kwa kutoweza.

Na kabla hujaamua lolote, lile daftari la miaka saba lipige fotokopi kurasa zote, nakala moja akae nayo mtu ambaye hana mpango wa kugombea. Wakianza kulisoma upya, watalisoma hata kama hukusimama.